Kimo Peke Yake Hakitoshi

Kila mwaka timu za mpira wa kikapu za Marekani huchagua wachezaji wapya kwa zamu, na kila mwaka huzuka swali lile lile: achukuliwe mtu mrefu wa kulinda kikapu, au mchezeshaji anayewagawia wenzake mpira?

Hatuwabezi warefu. Mwaka 1984 Houston ilimchagua wa kwanza Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Nigeria, naye akaiongoza kutwaa ubingwa mwaka 1994 na 1995. Lakini mwaka 2009 Memphis, yenye zamu ya pili, ilimchukua Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye kimo kipitacho mita 2. Mchezeshaji Stephen Curry, aliyeonekana mwembamba, alichukuliwa wa saba na Golden State. Thabeet hakudumu; Curry ameshinda ubingwa mara 4. Usidharau wembamba wa reli, gari la moshi hupita.

Hatumlaumu Thabeet, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Kosa ni la wapimaji waliotanguliza futi kamba.

Ndugu zetu askari wa jeshi na polisi wanalielewa jambo hili. Anayeandikisha kwa kimo tu hupata gwaride la kupendeza; anayepima pia akili, nidhamu na moyo wa kuwajali wenzake hupata kikosi. Basi mrefu achaguliwe akithibitisha uwezo wake. Vinginevyo achaguliwe mchezeshaji, kwa maana pasi yake huwafaa wenzake wote wanne.