Channel i ya Bangladesh: Mkulima alipogeuka mteja wa televisheni

Televisheni binafsi haiishi kwa kodi za wananchi wala kwa pongezi za watazamaji. Inaishi kwa matangazo ya biashara, na mwenye fedha za kutangaza humtafuta kwanza mtu wa mjini anayenunua sabuni, soda na simu. Ndiyo maana katika nchi nyingi vipindi vya kilimo huachiwa televisheni ya serikali, vikarushwa saa ambayo mkulima bado yuko shambani. Nchini Bangladesh, kituo binafsi cha Channel i kinachotangaza kwa Kibengali kilikwenda kinyume na desturi hiyo, na kimedumu kwa zaidi ya robo karne.

Historia ya kituo hicho inaonyesha kuwa taarifa za kilimo zinaweza kuwa biashara yenye faida. Inaonyesha pia mahali biashara hiyo inapogota ukuta.

Channel i ilianza kurusha matangazo Oktoba 1, 1999 jijini Dhaka, ikimilikiwa na kampuni ya Impress Telefilm iliyokuwa tayari katika kazi ya kutengeneza vipindi na michezo ya kuigiza. Kabla ya hapo, kwa zaidi ya miaka 30 Wabangladeshi walikuwa na televisheni moja tu ya nyumbani, ile ya serikali inayojulikana kama BTV, iliyoanza Desemba 1964 nchi hiyo ilipokuwa bado sehemu ya Pakistan. Mlango wa sekta binafsi ulifunguliwa na ATN Bangla mwaka 1997, kwa njia ya setilaiti. Channel i ikafuata.

Minara ya serikali

Kituo kinachotumia setilaiti humfikia mtazamaji mwenye dishi au aliyeunganishwa na waya wa kebo. Wakati huo vijiji vingi vya Bangladesh havikuwa hata na umeme. Kwa hiyo kituo kipya kilichomfikia mwananchi wa kijijini kwa haraka kilikuwa kingine, Ekushey Television, kilichoanza Aprili 2000 kwa kibali cha kurusha matangazo kwa minara ya ardhini. Kwa antena ya kawaida tu, mtu aliweza kutazama taarifa za habari zisizotoka serikalini, na kituo hicho kilipendwa mno.

Furaha hiyo haikudumu. Baada ya serikali kubadilika mwaka 2001, shauri lilifikishwa mahakamani kwamba leseni ya Ekushey ilitolewa bila kufuata taratibu za zabuni. Agosti 29, 2002 Mahakama ya Juu ilihitimisha suala hilo na kituo kikazimwa siku hiyo hiyo. Kilirejea hewani mwaka 2007, kwa setilaiti.

Ekushey haikuwa ya mwisho. CSB News ilifungwa mwaka 2007, Channel 1 mwaka 2010, kisha Diganta na Islamic TV mwaka 2013. Sababu zilizotolewa zilitofautiana, lakini somo kwa mwekezaji lilikuwa moja: katika biashara hiyo mtaji mkubwa kuliko mitambo ni leseni, na leseni iko mkononi mwa serikali. Channel i ilipita katika vipindi vya serikali zilizopingana vikali bila kuzimwa. Haikujifunga katika habari za siasa peke yake, bali ilijaza ratiba yake kwa muziki, filamu, michezo ya kuigiza, mijadala na kilimo.

Mtangazaji aliyevua viatu

Jina linalohusishwa na kilimo katika kituo hicho ni Shykh Seraj, mmoja wa wakurugenzi wake. Katika miaka ya 1980 alijulikana nchi nzima kupitia kipindi cha BTV kilichoitwa Mati O Manush, yaani Udongo na Watu. Kipindi hicho kiliwahamasisha vijana wa vijijini kuchimba mabwawa ya samaki, kufuga kuku na kujaribu mazao mapya, badala ya kutegemea mpunga peke yake au kukimbilia Dhaka.

Februari 2004 alianzisha kipindi kama hicho katika Channel i, kwa jina la Hridoye Mati O Manush, Udongo na Watu Moyoni. Mbinu yake ilikuwa rahisi. Mtaalamu hakukaa studio akisoma maelekezo, bali kamera ilikwenda shambani na mkulima aliyefanikiwa akaeleza mwenyewe: mbegu aliipata wapi, alitumia fedha kiasi gani, alivuna nini na aliuza kwa nani. Jirani akimwona mtu wa hali kama yake ametoka, huamini haraka kuliko akisomewa kipeperushi cha wizara. Mwaka 2009 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilimtunuku Seraj tuzo ya A.H. Boerma kwa kazi hiyo.

Kiuchumi, taarifa ni pembejeo kama mbolea. Bangladesh ilizalisha takriban tani milioni 10 za mchele kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, na sasa inazalisha zaidi ya tani milioni 35 katika eneo lile lile dogo la ardhi. Sifa kubwa ni ya mbegu bora, umwagiliaji na mbolea. Hata hivyo, mbegu bora haiendi shambani yenyewe. Mtu lazima aijue, aiamini na ajue gharama zake kabla hajaweka rehani mali yake.

Bajeti yajadiliwa kijijini

Hatua ya pili ya Channel i ilikuwa ya kisiasa zaidi, ingawa haikuitwa hivyo. Katikati ya miaka ya 2000 ilianzisha mikutano iliyoitwa Krishi Budget Krishoker Budget, Bajeti ya Kilimo Bajeti ya Mkulima. Kabla ya bajeti ya taifa kusomwa mwezi Juni, wakulima hukusanywa uwanjani kijijini, mawaziri na maofisa wakaketi mbele yao, na wakulima wakasema yanayowakera: bei ya mbolea, dizeli ya pampu, mikopo ya benki na walanguzi. Mapendekezo hupelekwa kwa waziri wa fedha.

Uzito wa jambo hilo unaeleweka kwa kukumbuka mwaka 1995, wakati uhaba wa mbolea ulipozua maandamano na polisi wakawaua kwa risasi wakulima zaidi ya 10. Miaka kumi hivi baadaye, malalamiko yale yale yalikuwa yakitolewa kwa kipaza sauti, waziri akisikiliza na nchi ikitazama.

Mwaka 2009 serikali ilipunguza sana bei ya mbolea zisizo za urea, na mwaka 2010 wakulima waliruhusiwa kufungua akaunti za benki kwa amana ya taka 10 tu. Haitakuwa haki kudai kuwa televisheni ndiyo iliyoleta hatua hizo, kwa kuwa serikali ilikuwa na sababu zake. Lakini ni vigumu zaidi kwa waziri kusahau ombi alilopewa mbele ya kamera.

Nani analipa?

Vituo binafsi vya Bangladesh havipati mgawo wa ada ambayo mtazamaji humlipa mwenye kebo. Mapato yao karibu yote ni matangazo ya biashara, na hapo ndipo lilipo tatizo. Mwenye kuuza mbegu, dawa au chakula cha kuku ana kila sababu ya kudhamini kipindi cha kilimo, lakini hana sababu ya kudhamini uchunguzi kuhusu mbegu isiyoota. Hadithi ya mfugaji aliyefanikiwa huuza vizuri, ilhali ya aliyefilisika kwa ugonjwa wa kuku hukosa mdhamini. Anayetazama washindi peke yao anaweza kudhani kila bwawa lina faida.

Ukuta mwingine ni bei. Mei 2019, wakati wa mavuno ya mpunga wa boro, mkulima mmoja wa wilaya ya Tangail alichoma mpunga wake shambani. Mpunga wa kilo takriban 40 ulikuwa ukiuzwa kwa taka 500 hivi, wakati kibarua wa kuvuna alilipwa zaidi ya taka 800 kwa siku. Mkulima huyo hakukosa elimu ya kilimo. Alivuna vizuri, kama walivyovuna wenzake wote, na wingi huo ndio uliomponza. Kipindi kinachofundisha kuzalisha bila kuzungumzia maghala, ununuzi wa serikali na nguvu ya wenye vinu huishia kumsaidia mnunuzi.

Leo mazingira yamebadilika. Machi 2022 serikali ilitangaza kuwa umeme umefika nchi nzima, na vipindi vya kilimo vya Channel i hutazamwa pia katika simu kupitia YouTube. Kufika kijijini si tatizo tena kama mwaka 1999. Lililobaki ni lile la mwanzo: fedha zinatoka wapi, na mwenye fedha hizo angependa mkulima asisikie nini. Mkulima anayetazama kipindi chochote cha namna hiyo atafaidika zaidi akiuliza maswali mawili kabla ya kwenda dukani: nani amelipia dakika hizi, na mavuno haya yatauzwa wapi iwapo jirani zangu wote nao wametazama?