Oktoba imepita, majibu ya kinyama yako wapi?

Mwezi wa saratani ya matiti umemalizika. Mahema yamekunjwa, fulana za pinki zimerudi kabatini, na idadi ya waliojitokeza kupimwa bure imesomwa mbele ya viongozi. Ni kazi nzuri, na wapo wanawake watakaopona kwa sababu walipanga foleni siku ile. Lakini idadi hiyo huhesabu matiti yaliyopapaswa. Haisemi ni wangapi walikutwa na uvimbe, na kati ya hao ni wangapi wameshajua uvimbe wao ni kitu gani.

Mwanamke anayeambiwa kwenye hema kwamba ana uvimbe na aende hospitali ameondoka na hofu, jibu bado hana. Vidole vya mhudumu hugundua kwamba kuna kitu, na picha huonyesha kikoje. Uthibitisho wa kama ni saratani au la hutoka maabara, baada ya kinyama kutazamwa kwa hadubini. Huko ndiko muda mwingi wa wagonjwa wetu unakopotelea.

Siku 60

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilianzisha mpango wa kimataifa wa saratani ya matiti mwaka 2021, na Februari 2023 likatoa mwongozo wenye malengo matatu. La kwanza, angalau asilimia 60 ya wagonjwa wagundulike wakiwa hatua ya kwanza au ya pili. La pili, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituo cha afya kwa mara ya kwanza. La tatu, tiba ianze ndani ya miezi mitatu, na angalau asilimia 80 ya wagonjwa waimalize.

Malengo hayo hayakutoka hewani. Mwaka 2022 saratani hii iliua watu wapatao 670,000 duniani. Utafiti uliowafuatilia wagonjwa wa Namibia, Nigeria, Afrika Kusini, Uganda na Zambia, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2020, uliona kuwa miaka mitatu baada ya kugundulika, karibu nusu tu ya wanawake walikuwa hai. Watafiti walikadiria kuwa zaidi ya robo ya vifo hivyo vingeweza kuepukwa kwa kugundua mapema na kuboresha tiba. Hapa Tanzania saratani ya matiti ni ya pili kwa wanawake, baada ya ile ya mlango wa kizazi, na wengi hufika hospitali ikiwa imeshafika hatua ya tatu au ya nne.

Mara nyingi lawama humwangukia mgonjwa kwamba alichelewa. Wapo wanaochelewa kweli, kwa kuwa saratani changa ya titi kwa kawaida haiumi, na kisichouma hakimpeleki mtu hospitali. Lakini wapo waliokwenda zahanati mapema, wakapewa dawa za kuua bakteria, wakaambiwa warudi, wakapewa nyingine, na miezi ikaisha hivyo. Saa ya siku 60 huanza kugonga siku ya kwanza ya zahanati. Kwa hiyo lengo la pili ni kipimo cha huduma zetu kuliko cha mgonjwa.

Titi limejengwaje

Ukilielewa titi, utaelewa kwa nini vidole havitoshi. Ndani yake kuna makundi 15 hadi 20 ya tezi zinazotengeneza maziwa, na mirija inayoyapeleka kwenye chuchu. Katikati yake kuna mafuta na nyuzi zinazolishikilia titi kifuani. Sehemu yenye tezi nyingi zaidi ni ya juu upande wa kwapa, na ndiyo maana uvimbe wa kila aina hutokea huko zaidi. Titi lenyewe lina mkia unaoingia kwapani, na majimaji yake mengi huchujwa na tezi za kwapani. Anayejikagua akaishia kwenye chuchu amekagua nusu.

Tezi hizi hufuata homoni. Siku chache kabla ya hedhi matiti hujaa, huuma na kuwa na vinundu, kisha hulainika. Wakati mzuri wa kujikagua ni siku chache baada ya hedhi kwisha.

Uvimbe mwingi si saratani

Hili lisemwe bila kigugumizi, kwa sababu hofu nayo huwafanya watu wajifiche. Uvimbe mwingi wa matiti, hasa kwa wasichana na wanawake vijana, si saratani. Unaoonekana sana kati ya miaka 15 na 35 ni faibroadenoma: ni wa mviringo, mgumu kiasi kama mpira, na ukiugusa unateleza kama gololi. Kuanzia miaka ya 30 na kitu hadi karibu na ukomo wa hedhi, hutokea sana vifuko vya maji, ambavyo daktari anaweza kuvinyonya kwa sindano. Mama anayenyonyesha anaweza kupata mrija ulioziba, au jipu linaloambatana na homa. Aliyegongwa kifuani anaweza kubaki na donge la mafuta yaliyokufa.

Ugumu ni kwamba baadhi ya uvimbe huu hujifananisha na saratani, na saratani nayo hujifananisha na huu. Donge la mafuta yaliyokufa linaweza kuwa gumu na kuvuta ngozi. Ipo pia saratani inayolifanya titi livimbe, liwe jekundu na la moto kama lenye jipu. Ndiyo sababu "jipu" ambalo halipungui baada ya dozi moja kamili ya dawa, au linalomtokea mwanamke asiyenyonyesha, linahitaji rufaa. Dozi ya pili ya dawa zilezile siyo jibu.

Dalili nyingine zisizosubiri ni chuchu iliyoingia ndani hivi karibuni, ngozi yenye vishimo kama ganda la chungwa, kidonda cha chuchu kisichopona, majimaji ya damu na uvimbe kwapani. Wanaume pia hupata saratani hii, ingawa hawafiki hata 1 kati ya wagonjwa 100.

Kwa wazazi

Binti wa miaka 8 hadi 13 anaweza kuanza na kidonge kigumu chini ya chuchu, mara nyingi upande mmoja kabla ya mwingine, kikiuma akiguswa. Hilo ni titi linaanza kuota. Kamwe asikubali mtu kukikata au kukitoa, maana kikiondolewa titi la upande huo linaweza lisikue maishani. Mvulana anayebalehe naye anaweza kuvimba chuchu. Kwa wengi huisha wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kichanga, awe wa kike au wa kiume, anaweza kuzaliwa na matiti yaliyojaa na hata kutoa maziwa kidogo kutokana na homoni za mama. Usiyakamue, utamletea jipu.

Safari ya kinyama

Uchunguzi uliokamilika una hatua tatu: kupapaswa na mtaalamu, picha, na kinyama. Kwa aliye chini ya miaka 40, picha ya kwanza huwa altrasaundi, kwa sababu titi la kijana limejaa tezi na mamografia hailioni vizuri. Kwa aliyevuka hapo, mamografia husaidia zaidi, na mara nyingi zote mbili hufanyika.

Kinyama huchukuliwa kwa sindano nene baada ya ganzi, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Wengi hukimbia hapa kwa kuamini kwamba saratani ikiguswa kwa chuma inasambaa. Haisambai kwa sababu ya kipimo. Inasambaa kwa sababu ya muda, wakati mgonjwa yuko nyumbani akisubiri au akibadilisha dawa za mitishamba.

Baada ya hapo kinachoharibika hakionekani kwa mgonjwa. Kinyama kinapaswa kuingia kwenye formalini ya kutosha ndani ya saa moja, kikae humo kati ya saa 6 na 72, kisha kitengenezwe. Kikiwekwa kwenye maji ya chumvi, au kikakaa kwenye chupa juma zima kikisubiri gari la kwenda mjini, vipimo vingine vinaweza kutoa majibu ya uongo. Wataalamu wa patholojia ni wachache na wengi wako hospitali za rufaa na za kanda, hivyo chupa husafiri mbali, na mara nyingine anayeibeba kwenye basi ni ndugu wa mgonjwa.

Kosa baya kuliko yote ni uvimbe kutolewa kwenye upasuaji mdogo, mgonjwa akaambiwa "tumeshautoa wote, umepona", nao ukatupwa. Kilichotupwa ndicho kilichobeba jibu.

Karatasi ya majibu

Majibu yakisema ni saratani, karatasi haipaswi kuishia kwenye neno hilo. Inatakiwa iseme kama bado imo ndani ya mrija au imeshatoka nje yake. Inatakiwa iseme daraja, kuanzia 1 hadi 3, yaani seli zinaonekana za pole au za haraka. Daraja si hatua: hatua hueleza imefika wapi mwilini. Pia iseme kama seli zina vipokezi vya homoni na vya HER2.

Vipokezi ndivyo vinavyochagua dawa. Saratani yenye vipokezi vya homoni hutibiwa pia kwa vidonge kama tamoksifeni, ambavyo kwa kawaida hunywewa miaka mitano au zaidi, na ni vya bei nafuu ukilinganisha na dawa nyingine za saratani. Asiyekuwa na vipokezi hivyo hanufaiki navyo. Asiyepimwa hutibiwa kwa kubahatisha, au hulazimika kurudia kipimo, na siku zinaendelea kuhesabika.

La kudai kuanzia sasa

Kama uliambiwa Oktoba kwamba una uvimbe, andika tarehe uliyofika kituoni, kisha hesabu siku 60. Omba barua ya rufaa badala ya dozi nyingine. Siku ya kinyama, uliza mambo manne: kinapelekwa maabara gani, namba yake ni ipi, majibu yatatoka lini, na vipokezi vitapimwa lini ikionekana ni saratani. Omba nakala ya majibu na uitunze kama unavyotunza cheti cha kuzaliwa. Kama umeambiwa si saratani lakini uvimbe unakua, au picha na majibu havikubaliani, rudi.

Kwa wanaoandaa kampeni, ombi ni moja. Oktoba ijayo, pamoja na idadi ya waliopapaswa, tusomeeni waliokutwa na uvimbe mwaka huu, waliopata majibu ya kinyama ndani ya siku 60, na walioanza tiba. Hospitali na halmashauri zinazo kumbukumbu hizo kwenye vitabu vyao. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na mjadala wa kitita cha huduma bado unahitaji sauti ya wagonjwa: kinyama na vipimo vya vipokezi viwe ndani yake, kwa kuwa hema la bure linaloishia kwenye kipimo cha kulipia humwacha maskini njiani akiwa na uvimbe uleule.