Mwenye Nguruwe na Mwenye Mavi

Wako wasomaji wetu watakaoshangaa kufungua karatasi hii na kukuta tunazungumza khabari za nguruwe. Nyama hiyo haiingii katika vyungu vya walio wengi miongoni mwetu, wala hatuna nia ya kuiingiza. Lakini tunayotaka kuyasema leo si ya nyama. Ni ya mkataba na ya maji ya kunywa.

Katika nchi ya Marekani liko jimbo liitwalo North Carolina. Upande wake wa mashariki ni nchi tambarare ya pwani, udongo wake mchanga, na maji ya ardhini hayako mbali na uso wa nchi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 jimbo zima lilikuwa na nguruwe wasiofika milioni 3. Miaka kumi baadaye walizidi milioni 9. Wilaya moja, Duplin, yenye watu wasiofika 60,000, imekuwa na nguruwe zaidi ya milioni 1.

Uchafu wa wanyama wote hao huenda wapi? Mabanda yao ni marefu, na sakafu yake ina mianya. Mavi na mkojo huanguka chini, husukumwa kwa maji mpaka katika shimo kubwa lililo wazi, mfano wa ziwa, na yakisha kuoza humo maji yake hunyunyiziwa mashamba ya majani. Shimo hilo wenyewe wamelipa jina lile lile walitumialo kwa maji matulivu yaliyo nyuma ya mwamba wa pwani. Sisi tutaliita shimo.

Hatusemi kuwa njia hiyo haikuwa na akili ndani yake. Samadi ni mali, na mkulima yeyote wa visiwa hivi alijua hayo kabla ya kuambiwa na mtaalamu. Lakini shamba nalo lina kiasi chake. Likipewa zaidi ya majani yawezavyo kula, naitrojeni hugeuka nitrati na kuteremka na maji mpaka visimani, na nitrati ikizidi katika maji huwadhuru watoto wachanga. Fosforasi hubaki juu ya udongo, mvua huichukua mpaka mtoni, mwani hustawi kupita kiasi, nao ukioza hula hewa iliyomo majini, samaki wakafa.

Kwa ajili hiyo ziko kanuni. Mfugaji asiache shimo lijae mpaka ukingoni, na asinyunyize juu ya ardhi iliyokwisha lowa. Basi na anyeshewe na mvua ya juma zima! Shimo linapanda na shamba limelowa. Akinyunyiza amevunja kanuni. Asiponyunyiza, shimo litafurika. Kanuni zote mbili ni nzuri, na siku hiyo haiwezekani kuzitii zote mbili.

Tarehe 21 Juni 1995, katika wilaya ya Onslow, ukingo wa shimo moja ulibomoka, na galoni kiasi cha milioni 25 za uchafu zikamwagika mashambani na barabarani mpaka katika mto uitwao New River. Meli Exxon Valdez ilipopasuka Alaska mwaka 1989, dunia nzima ikalia, ilimwaga galoni kama milioni 11 za mafuta. Mwaka 1999 ikaja tufani Floyd, na maji yakayafunika mashimo mengi. Mwaka 2018 ikaja Florence: nguruwe kiasi cha 5,500 walikufa, na kuku zaidi ya milioni 3, na mashimo mengine yakafurika tena.

Serikali ya jimbo haikulala kabisa, tuseme kweli. Mwaka 1997 ilisimamisha uchimbaji wa mashimo mapya ya namna ile, na mwaka 2007 ikaufanya mwiko huo kuwa wa daima. Lakini yale yaliyokuwapo yaliachwa yaendelee, na ndiyo hayo yaliyofurika mwaka 2018.

Sasa tufike penye mkataba. Walio wengi katika wafugaji hao hawana nguruwe. Nguruwe ni wa kampuni, na chakula na dawa pia ni vya kampuni. Mfugaji ana ardhi, ana banda, ana deni la benki alilojengea banda, na ana shimo. Mkataba wao wasema hivi, kwa maana yake: nguruwe madamu yu hai ni wa kampuni, akifa mzoga wake ni juu ya mfugaji, na mavi ni ya mfugaji tangu yanapotoka. Tumezoea kusikia kwamba mwenye mali ndiye mwenye khasara. Hapa mali imekatwa vipande viwili, faida ikaenda ng'ambo hii na khasara ng'ambo ile.

Wala isidhaniwe kuwa hapakuwa na ujuzi wa kufanya vizuri zaidi. Mwaka 2000 kampuni iliyo kubwa kuliko zote, Smithfield, ilipatana na Mwanasheria Mkuu wa jimbo itoe dola milioni 15 ili Chuo Kikuu cha jimbo kitafute njia bora. Wataalamu walifanya kazi kwa miaka. Mwaka 2006 ikaonekana kuwa njia zipo: kutenga yabisi na maji, kuyasafisha maji, na kuyageuza mavi makavu kuwa mbolea ya kuuzwa. Lakini mapatano yalikuwa na sharti moja dogo, kwamba njia hiyo iwe yawezekana kwa hisabu ya fedha. Ikapigwa hisabu, ikaonekana ni ghali kwa mashamba yaliyokwisha kuwako. Mashimo yakabaki.

Ghali kwa nani? Jirani aliyefunga madirisha yake wakati wa joto kwa sababu ya harufu hakuhisabiwa. Wengi wa majirani hao ni watu weusi, waliokuwa na viwanja vyao pale kabla ya mabanda kujengwa. Zaidi ya 500 walikwenda mahkamani, nao hawakumshitaki mfugaji mwenye shimo. Waliishitaki kampuni yenye nguruwe. Mwezi wa Aprili 2018 raia walioketi kuamua kesi ya kwanza waliwapa walalamikaji 10 zaidi ya dola milioni 50. Sheria ya jimbo ikazipunguza mpaka milioni 3 na robo, na wajumbe wa baraza la kutunga sheria wakaharakisha kuwabania njia watakaoshitaki baadaye. Hata hivyo mwezi wa Novemba 2020 mahkama ya rufaa haikukubali kuwa kampuni haina lawama, na kampuni ikaona bora ipatane nao.

Twawapa heko watu wale. Waliyoyapata mahkamani ndiyo ambayo mkataba uliandikwa kuyaficha, yaani kwamba mwenye mnyama ndiye mwenye uchafu wake.

Sisi tu watu wa visiwa. Sehemu kubwa ya nchi yetu imekalia mawe ya matumbawe, yenye matundu na mapango, na maji yanayomwagwa juu hayachukui muda kufika chini tunakoteka. Hatuna mto mkubwa wa kuuchukua uchafu wa machinjio au wa mabanda ukapotelea mbali. Kilichopo ni kisima, na baada ya kisima ni pwani tunakovua.

Akija mtu, awe mgeni au mwenyeji, na mkataba wa mabanda makubwa ya kuku au ya ng'ombe, atasoma kwa sauti ile sehemu ya ajira na ile ya bei. Wanachama wetu watakaokuwapo katika mkutano huo wamwombe asome na pale pasemapo mavi ni ya nani, na mzoga ni wa nani, na shimo likibomoka usiku nani ataamshwa. Kama hapana mahali pasemapo, wasitie saini.