Mwovu Anapotubu Mchezoni

Mwaka 1974 huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja akijitwalia mhusika wa kubuni, naye msimamizi husimulia yanayotukia, huku dadu zikiamua mengi. Kila mhusika alikuwa na upande wake: sheria, machafuko, au katikati. Kufikia 1978 pande zilikuwa tisa, kwani wema na uovu navyo viliingizwa.

Wako wanaouogopa mchezo huu kwa ajili ya mazimwi yake. Sisi hayo hayatusumbui. Hata ngano za bibi zetu zina mazimwi. Kinachotugusa ni kanuni moja ya kitabu cha msimamizi cha 1979. Msimamizi aliagizwa kuyapima matendo ya mhusika, si upande aliojiandikia karatasini, na hapo twaafiki kabisa. Lakini aliyebadili upande alishushwa ngazi moja, awe ametoka wema kwenda uovu, au uovu kwenda wema. Mnyang'anyi aliyetubu aliadhibiwa sawa na mwaminifu aliyesaliti!

Twajua kanuni yahitaji uzito, mchezaji asije akageuka kila jioni kama kinyonga. Hata hivyo, toba ingeweza kudaiwa gharama nyingine: arudishe alichopora, kwa mfano, au asubiri wenzake wamwamini polepole. Toleo la 2014 halina adhabu ile, ila uzito nao karibu wote haumo, na pande tisa zikabaki maelezo karatasini.