Mashine Imelia, Sasa Tulieni

Hivi jamani, tutaacha lini kuchimba kwa hasira?

Nawasema ndugu zetu wanaozunguka na mashine za kutambua madini, wa Chunya wanaosaka dhahabu na wa Tabora wanaosaka "mali za Mjerumani". Mashine ikilia tu, majembe yanashuka. Shimo linafika kiunoni, kumbe kitu kimelala juu juu, hatua moja pembeni. Kisha zinaanza lawama: mashine feki, majini wameihamisha mali, aitwe mganga!

Mimi nabisha. Majini hawahusiki. Tatizo ni kwamba hatutaki kujifunza kulenga, na kulenga hakuhitaji digrii.

Mashine ikilia, weka jembe mbali, maana nalo ni chuma na litakuchanganya. Pitisha koili taratibu kushoto na kulia, ukifupisha mwendo hadi ujue mlio ni mkali zaidi wapi. Chora mstari ardhini. Geuka robo duara, pitisha tena ukiukata mstari wa kwanza. Mistari inapokutana ndipo pa kuchimba. Mlio ukienea eneo kubwa, inua koili kidogo, eneo litabana. Halafu ijue koili yako: zile za DD husikia zaidi kwenye mstari wa kati, kuanzia mbele hadi nyuma. Ukishatoa udongo, pima shimo, kisha pima na kifusi. Mara nyingi kitu kimeshatoka na wewe bado unazama chini!

Najua jibu la wazee wa rupia: "Mali ya Mjerumani iko chini sana." Haya, basi nielezeni. Mashine ya kawaida hupata shida kusikia sarafu moja iliyopita sentimita 30 hivi. Sasa huo mlio unaowapeleka mita nne mliusikia kwa sikio gani? Ni kweli mwaka 1916 Wajerumani walitengeneza Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke. Hiyo ni historia, si ramani. Anayekuuzia ramani, pamoja na mashine "inayoona dhahabu tu", anakula fedha yako. Mashine inasikia metali. Punje ya dhahabu na karatasi ya pakiti ya sigara zinaweza kulia karibu sawa.

Kwa nini nakasirika? Kwa sababu shimo lisilo na mpango halifukiwi. Mvua ikinyesha linakuwa bwawa, na anayetumbukia si mchimbaji, ni mtoto aliyefuata mbuzi. Shimo refu lisilo na nguzo nalo huporomoka, likawafukia vijana wa rika letu. Tena tukifukua magofu tunafuta historia yetu wenyewe, wakati Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu mwaka 1964, na kufukua mambo hayo kunahitaji kibali. Dhahabu nayo ina leseni zake.

Wasomi wenzangu mnaocheka, mjomba wako kijijini ameshauza ng'ombe wangapi kwa ajili ya rupia? Mpigie simu leo umwambie: achore msalaba kwanza, achimbe padogo, afukie. Akiambiwa ashuke mita nne, aondoke na ng'ombe wake.

Naomba kutoa hoja.