Santuri na Kahawa Mbichi

Kila mara mpiga santuri wa Ulaya anapofufua muziki wa zamani wa Afrika Mashariki wenye ladha ya soul na funk, huzuka kilio nchini: tumeibiwa! Kilio hicho ni kitamu kukilia, lakini hakimgusi mkosaji.

Miles Cleret, mpiga santuri wa Uingereza, alianzisha kampuni ya Soundway mwaka 2002. Mwaka 2013 kampuni hiyo ilitoa Kenya Special, mkusanyo wa nyimbo za miaka ya 1970 na 1980. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ikazitoa upya kazi za Sunburst, bendi ya Dar es Salaam ambayo santuri yake, Ave Africa, ilitoka mwaka 1976. Katika miaka arubaini hiyo, ni nani nchini aliyezuiwa kulifanya jambo hilo?

Historia nayo haiwatetei walalamikaji. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, kwa hoja kwamba unapotosha vijana. Waliotoa amri hiyo walinena kwa jina la utamaduni, wakasahau kuwa soul ni sauti ya wajukuu wa Waafrika waliovushwa bahari kwa minyororo. Amri haikufua dafu: Sunburst walistawi katika mji uleule. Kilichowashinda si marufuku, bali usahaulifu.

Aonaye mashamba ya kahawa ya Oldeani, chini ya milima ya Ngorongoro, anakijua kisa hiki. Sehemu kubwa ya kahawa ya Tanzania husafirishwa ikiwa mbichi, ikakaangwa ughaibuni, na huko ndiko thamani yake inakopanda. Mzanzibari hahitaji kuelezwa. Karafuu zimekwisha kumfunza. Muziki umefuata njia hiyohiyo.

Ni kweli, mwanamuziki au warithi wake sharti walipwe, na mikataba ichunguzwe bila ya haya. Lakini mkataba wa haki hauokoi ukanda ulioliwa na ukungu. Kanda za iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam ni hazina ya taifa. Zistahiki kuhifadhiwa, kuorodheshwa na kutolewa santuri zitakazouzwa Kariakoo na Darajani kabla ya London. Asiyetunza chake hana haki ya kumtukana aliyekiokota, akakifuta vumbi.