Furaha ya Mkalimani

Enyi vijana wetu, wengi wenu huanza kujifunza lugha kwa hamu kubwa, kisha baada ya miezi michache kitabu hufungwa kikawekwa mbali. Twaambiwa: "Lugha ni ngumu." Kweli ni ngumu, lakini utamu wake hauji mwanzoni, na aondokaye mapema huondoka na taabu yake tu.

Katika Suratir-Rum Mwenyezi Mungu ametaja kuhitalifiana kwa ndimi zetu kuwa ni katika ishara zake. Na Mtume wetu (S.A.W.) alimwamuru Zaid bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, ili barua zao zisomwe na kujibiwa na mtu wa kuaminiwa. Yapokewa ya kuwa haikupita nusu ya mwezi ila alikwisha yajua. Wengi wetu si Zaid. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wa Unguja alitoa tafsiri yake ya Qur'ani kwa Kiswahili sehemu baada ya sehemu, mpaka ikatimia mwaka 1969. Huo ndio mwendo wa wengi: subira.

Natutazame kazi ya mkalimani wa mahakamani. Shahidi asema: "Alimpiga saa mbili usiku." Ni maneno manne tu. Lakini Kiingereza, kama Kiarabu, chataka kujua aliyepiga ni mwanamume au mwanamke, na aliyepigwa kadhalika; Kiswahili hakikusema. Mkalimani mwaminifu habahatishi. Humwomba hakimu ruhusa akauliza. Tena saa mbili yetu, kwa hesabu ya Waingereza, ni saa ya nane. Akiitaja mbili kama ilivyo, amemgeuza shahidi mkweli kuwa mwongo, na huenda asiye na hatia akafungwa.

Ujuzi huo haupatikani kwa mwezi wala kwa mwaka. Lakini ukisha kukaa moyoni huleta furaha kubwa: wawili wasiojuana lugha wameelewana, mwenye hofu ametulia, mwenye haki amesikilizwa, na wote wamemsahau mkalimani aliye kati yao. Furaha yake ni kuifikisha amana ya mwenziwe nzima, hakupunguza wala hakuongeza.

Basi shikeni kidogo cha kila siku, kwani amali impendezayo Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa chache. Wala msikidharau Kiswahili chenu, ambacho tangu mwaka 2022 ni lugha rasmi ya kazi katika Umoja wa Afrika. Mizani ina vitanga viwili. Asiyeijua barabara lugha ya kwao atapimia nini?

Nanyi wazazi, msimcheke mtoto akosapo matamshi. Kicheko kimoja chaweza kuufunga ulimi kwa miaka.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika elimu yenye manufaa, na azifanye ndimi zetu ziwe za kweli. Amin.